Medali za Babu na Picha Iliyoganda: Maswali ya Wasomaji

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu ndugu zao waliotumikia jeshi. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: tumshukuruje mzee wetu? Sisi tunasema shukrani ianze kwa kumjua. Namba yake, kikosi chake, alikopelekwa, mwaka. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanahusu vyuma, karatasi na majina.

Marehemu babu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Ameacha medali nne ndani ya kopo la kahawa, mbili za nyota na mbili za duara. Tumezigeuza pande zote, hatuoni jina. Baadhi ya ndugu wanasema aliziokota tu. Tutajuaje kama ni zake?
*Mjukuu, Songea*

Ndugu mjukuu, kukosekana kwa jina hakumwondolei babu haki yake. Medali ambazo Uingereza ilitoa kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kawaida zilitoka kiwandani bila jina la askari, na askari wa Uingereza yenyewe walizipata hivyo hivyo. Zile zenye namba, cheo, jina na kikosi, vikiwa vimegongwa kwenye ukingo, ni za Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo anayesema "haina jina, si yake" amekosea kanuni.

Sasa zisome. Anza na chuma, uache utepe mwisho, kwa sababu tepe hukatika na watu hufunga wowote waliopata. Kila nyota ina ncha sita, na katikati kuna duara lenye maandishi ya Kiingereza yanayoitaja kwa jina. Kama limeandikwa 1939-1945, huyo alikuwa katika eneo la mapigano, kwa kawaida kwa miezi 6 au zaidi. Kama limeandikwa Afrika, alifika kwenye mapambano ya Afrika, na kwa askari wetu hiyo maana yake ni kampeni ya Somalia na Uhabeshi iliyomalizika Gondar mwezi Novemba 1941. Nyota hiyo ilitolewa hata kwa siku moja ya utumishi katika eneo lililotajwa. Kama limeandikwa Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, babu yenu alivuka bahari.

Za duara hutofautiana kwa sura ya Mfalme George wa Sita. Akiwa amevaa taji, na nyuma kuna simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, hiyo ni Medali ya Vita. Akiwa kichwa wazi, na nyuma kuna simba wawili na mti mdogo katikati yao, hiyo ni Medali ya Ulinzi.

Tepe zikiwa ni zile za asili, zitathibitisha. Nyota ya 1939-1945 ina mistari mitatu iliyo sawa: bluu iliyokolea, nyekundu na bluu nyepesi. Ya Burma ni bluu iliyokolea yenye mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande wa bluu una mstari wa rangi ya chungwa. Ya Afrika ina rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari myembamba ya bluu pembeni.

Hapa watu hupotea mara nyingi: aliyepigana Madagaska tu mwaka 1942 hakupewa Nyota ya Afrika. Alipata ile ya 1939-1945. Familia nyingine zimewahi kumwita mzee mwongo kwa sababu alisema "nilikuwa Madagaska" na nyota ya Afrika haikuonekana, kumbe alisema kweli tupu.

Mkikuta ya Burma, mna jambo kubwa mkononi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipitia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikaingia Burma mwaka 1944. Iliwafukuza Wajapani kuteremka bonde la Kabaw wakati wa masika makali, matope yakiwa magotini na malaria ikiwalaza watu, hadi Kalewa na mto Chindwin mwezi Desemba. Ndani ya divisheni hiyo vilikuwamo vikosi kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Si wote waliopigana Burma walikuwa wa divisheni hiyo, kwani zilikuwapo pia brigedi za Afrika Mashariki zilizojitegemea.

Ili kuunganisha medali na mtu, tafuteni namba yake ya jeshi. Tazameni cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho wazee wengi walikihifadhi ndani ya Msahafu, Biblia au kitabu cha kodi. Kagueni upande wa ndani wa mkanda, mpini wa kijiko na kifuniko cha sanduku la bati, kwa kuwa askari aligonga au kupaka rangi namba yake kwenye vitu vyake visiibiwe. Waulizeni na mashangazi. Vitu vya mzee mara nyingi hufuata binti aliyemuuguza, na watoto wa kiume wakabaki na shamba. Mkipata jina la kikosi, shajara za vita za vikosi hivyo, yaani kumbukumbu zao za kila siku, ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew: kundi la WO 169 kwa Afrika, na WO 172 kwa Burma. Msitegemee kumkuta babu ametajwa, maana shajara zilitaja maofisa zaidi kuliko askari. Zitawaonyesha kikosi kililala wapi tarehe ipi, na hilo ni kubwa.

Na tafadhali, msigawane medali kama mnavyogawana ng'ombe, kila mjukuu moja. Zikitengana, habari yake imekufa. Chagueni mtunzaji mmoja katika kikao cha ukoo, liandikwe jina lake, na wengine wote wapewe picha.

Nimezisafisha medali za baba kwa limau na majivu kama tunavyosafisha shaba. Moja imetoka na madoa ya waridi. Nimeziharibu?
*Msomaji, Tanga*

Ile yenye madoa imeumia, dada, lakini acha hapo hapo, haijapotea. Nyota za Vita ya Pili ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Asidi ya limau hula zinki kwanza na kuacha shaba tupu juu, na hayo ndiyo madoa ya waridi. Ukwaju hufanya vivyo hivyo. Majivu nayo yana chembe ngumu zinazokwangua kama msasa mwembamba. Dawa za kung'arishia za dukani pia hukwangua. Kwenye medali za fedha za Vita ya Kwanza hasara ni kubwa kupita zote, maana zikisuguliwa kila mwaka jina la ukingoni hufutika, na jina ndilo lililokuwa ushahidi.

Rangi ya kahawia iliyotulia ni ngozi ya shaba, iache. Kinachotakiwa kuondolewa ni mafuta ya mikono na ile kutu ya kijani inayonata. Vua utepe kwanza. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yawe vuguvugu, tia tone moja la sabuni ya vyombo. Tumia mswaki laini wa mtoto, suuza kwa maji mengine safi, kausha kwa kitambaa cha pamba, kisha ilaze juu ya kitambaa kikavu saa nzima. Kutu ya kijani iguse kwa kijiti cha meno kilicholowekwa kwenye spiriti, ukikwaruza taratibu. Usitumie sindano. Angalia pete ndogo inayoshika utepe, hapo ndipo chuma huliwa na medali hudondoka.

Kuzihifadhi: kila moja peke yake kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, au karatasi isiyo na asidi ukiipata. Usizifunge kwa mpira, kwani una salfa na hugeuza fedha kuwa nyeusi. Usiziweke kwenye mfuko laini wa plastiki ule unaonuka, baada ya miaka hutoa majimaji yenye asidi. Kisanduku cha mbao mbichi pia hakifai. Kwa unyevu wa Tanga, weka ndani ya chombo kinachofungwa vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, vitano au sita, na uvibadilishe kila miezi mitatu. Ukinunua utepe mpya, upana wake ni milimita 32, na ule wa zamani utunze hata kama umebaki nyuzi.

Mjomba wa baba yangu aliandika barua ya mwisho kutoka Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1944 akisema wanapanda meli. Hakurudi, na hakuna kaburi. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Kakamega*

Pole sana, ndugu. Kwa tarehe hiyo kuna jambo moja la kuchunguza kabla ya mengine. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa inatoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Wengi wao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwamo pia manesi. Barua peke yake haithibitishi kwamba mjomba alikuwa humo, kwa kuwa meli nyingi ziliondoka Mombasa mwaka ule. Lakini majina ya askari wa kikosi hicho yako kwenye Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Kutoka Kakamega ni safari ya siku moja, na kuingia ni bure.

Kabla ya kusafiri, tafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Haidai hata senti, na yeyote anayekuomba pesa "akufuatilie jina" mkatae. Kosa la kwanza la watu ni kujaza kila kisanduku. Jaza jina moja tu, chagua Vita ya Pili, acha mengine wazi. Karani aliyeandikisha askari aliandika alivyosikia, kwa hiyo jaribu Wanjala na Wanjalla, Saidi na Said, Mohamedi na Muhammad. Jaribu jina la baba yake kama jina la ukoo, na jina la ukoo kama jina la kwanza. Jaribu jina la ubatizo. Baadhi ya vijana waliingia jeshini kwa jina la rafiki au la kijiji ili wazazi wasiwarudishe. Ukipata majina kumi yanayofanana, yapange kwa tarehe ya kifo na uyalinganishe na barua.

Kama alifika Burma na akafia huko bila kaburi linalojulikana, jina huwa kwenye Ukumbusho wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, wenye majina karibu 27,000.

Jambo jingine ambalo limewasumbua wengi: tume hiyo huorodhesha waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 tu, kwa vita hiyo. Mzee aliyerudi salama akafa kwake mwaka 1972 hatakuwamo, hata kama risasi ya Burma ilikuwa bado begani. Na mkiwa na ushahidi kwamba alifia vitani na jina halimo, waandikieni tume mkiambatanisha nakala ya barua ile. Nakala, si barua yenyewe.

Baba alistaafu JWTZ na amefariki. Tuna kombati zake mbili na buti. Kaka anataka kuivaa moja siku ya arobaini kwa heshima yake.
*Binti, Morogoro*

Kaka asiivae. Sheria inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi, na nia njema haimwokoi akisimamishwa barabarani. Jeshi limekwisha kuwatangazia wananchi zaidi ya mara moja wasalimishe sare na mavazi yanayofanana nazo. Nendeni kwa mshauri wa mgambo wa wilaya au kambi iliyo karibu mkiwa na cheti cha kifo na kitambulisho chake cha ustaafu, muulize kipi kirudishwe na kipi kibaki, na mwombe maandishi. Siku ya arobaini wekeni picha yake akiwa ndani ya sare. Na kama sandukuni mtakuta risasi au kitu chochote cha mlipuko, hata kiwe na kutu namna gani, msikibebe kwenda nacho popote. Fungeni chumba, waiteni polisi.

Baba yangu alikuwa vita ya Kagera. Ana miaka 70 na zaidi, na hasemi kitu. Nikimuuliza "ilikuwaje" ananyamaza. Nataka wajukuu wamjue.
*Msomaji, Bukoba*

Swali "ilikuwaje" ni zito mno kwa mtu aliyeona mengi. Muulize kuhusu njia. Andika kwenye karatasi majina ya mahali yakifuatana: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi, Entebbe, Kampala. Muombe aonyeshe kwa kidole alikopita na asikopita. Kumbukumbu ya askari hushika ardhi. Akigusa Kyaka, muulize mto walivukaje, kwa kuwa daraja lilikuwa limelipuliwa mwezi Novemba 1978. Akigusa Lukaya, ni Machi 1979, muulize kama kulikuwa na matope na majani ya kinamasi. Kisha shuka kwenye mambo madogo: walikula nini, buti zilikuwa saizi yake, nani alilala kando yake, barua zilifikaje nyumbani. Usimuulize aliua wangapi. Wajukuu waambiwe hivyo hivyo kabla hawajaingia chumbani.

Muda wa dakika 40 unatosha, asubuhi, baada ya chai. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite, uilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka kinywani mwake, mbali na redio, feni na kuku. Anza kwa kutamka tarehe, mahali na jina lake kamili. Akinyamaza, nyamaza naye. Hesabu hadi kumi polepole kimoyomoyo kabla ya kusema lolote. Akilia, mpe maji, uzime, msamehe siku hiyo. Siku hiyo hiyo hamisha sauti kwenye vifaa viwili tofauti.

Kama hakuwa mwanajeshi wa kudumu, bali mgambo aliyechukuliwa kijijini mwaka 1978, huenda hana nishani yoyote ya kuonyesha. Kwa mzee wa namna hiyo kurekodi kuna haraka zaidi, kwa sababu sauti yake ndiyo hati pekee.

Mdogo wangu anasema kumheshimu babu wa Keya ni kuheshimu ukoloni, kwa sababu alimpigania mfalme wa Uingereza. Nimekosa la kumjibu.
*Msomaji, Mombasa*

Mdogo wako ana hoja, msimzomee. Vijana wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine machifu waliwatoa kwa nguvu, wengine walifuata mshahara wa kulipia kodi. Vita ilipokwisha, malipo ya kuagwa yalipangwa kwa cheo na kwa rangi pia, na Mwafrika alipata sehemu ndogo ya alichopewa Mzungu wa cheo hicho hicho. Wapagazi wa Vita ya Kwanza ndio waliokufa kwa wingi zaidi, kwa njaa, kuhara na homa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mwambie mdogo wako hivi: kilichofanywa na ukoloni ni kuliacha jina la babu bila kuandikwa. Ukimwandika babu, jina, baba yake, kijiji, namba na mahali alipopigana, unafanya lile ambalo serikali ile haikulifanya. Tunayemshukuru ni mtu aliyebeba mzigo akarudi kulima na kusomesha. Uzalendo wa nchi ambayo ilikuwa haijazaliwa hatuwezi kumdai, lakini wengi waliorudi waliuona ulimwengu, wakaona Mzungu naye anaogopa na kufa, na hawakuitazama serikali ya kikoloni kwa macho yale yale tena.

Siku ya Mashujaa naweza kuvaa medali za babu?
*Msomaji, Dodoma*

Desturi ya nchi nyingi za Jumuiya ya Madola ni kwamba mwenye medali huvaa kushoto, na ndugu wa marehemu huvaa kulia, ili anayekutazama ajue si zako. Kwenye hafla ya kitaifa ya 25 Julai waulize kwanza waandaaji wa mkoa. Kama mtakuwa na watoto, wapelekeni na usiku wa kuamkia siku hiyo kuona Mwenge wa kumbukumbu ukiwashwa, na asubuhi muwaeleze zile silaha za asili zinazowekwa mnarani: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka. Watoto hukumbuka vitu wanavyoviona vikiwekwa kwa mikono.

Mume wangu alikuwa askari. Picha yake pekee ya ujana imeganda kwenye kioo cha fremu kwa sababu ya mvua. Fundi anasema ataibandua kwa maji. Nimpe?
*Bibi, Lindi*

Shikamoo bibi. Usimpe. Rangi ya picha imeshika kioo kuliko inavyoshika karatasi, na akivuta, uso ndio utakaobaki kwenye kioo vipande vipande. Maji yatalainisha zaidi.

Mwambie mjukuu aondoe fremu na kadibodi ya nyuma tu, kioo na picha vibaki pamoja. Kioo kifutwe kwa nje kwa kitambaa chenye unyevu mdogo sana, kisha kikavu. Kama kuna duka lenye skana, wakilaze kioo chini, wapige kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na wahifadhi faili kubwa, wasitume ya WhatsApp kwa sababu hupunguzwa. Kama hakuna, ilazeni mezani kando ya dirisha, jua lisipige moja kwa moja, taa ya simu izimwe. Mtu ashike kitambaa cheusi juu ya kamera ili kioo kisimwakisi, na apige picha tano au sita akisogea kidogo kila mara. Pigeni na upande wa nyuma kama kuna mwandiko. Chapisheni nakala mpya ya ukutani. Ile ya asili ifungeni kwenye kitambaa cha pamba pamoja na kioo chake, ikae wima kabatini, mbali na ukuta wa nje unaonyonya mvua. Kwenye bahasha ya nakala mwandikieni kwa penseli jina lake, kikosi chake, na mwaka anaoukumbuka bibi.